Shajara ya Kidaka: apu ya picha za harusi na shughuli, Lamu 2025

14 Januari 2025: tulipoanzia

Naanza kuandika leo manake mdogo wangu kaniambia nisipoandika nitasahau wapi tulikosea, na mtu mwengine akitaka kutengeneza kitu kama hiki ataanza sifuri kama sisi. Mimi kazi yangu dizaini, nachora kadi za mwaliko, mabango, majina ya boti na vibao vya maduka hapa mtaa wa Langoni, yeye anaandika programu, yuko Mombasa. Tunachotaka ni apu moja ndogo: watu wamehudhuria shughuli, kila mmoja kapiga picha na simu yake, zote ziende sehemu moja na wenye shughuli wazipate.

Sababu yenyewe ni harusi ya Desemba. Binti ya mamangu mdogo aliolewa, picha zikatapakaa kwenye magrupu sita ya WhatsApp, zilizofika zimebanwa mpaka ukivuta uso uone vizuri waona viraka tu, na nyengine mpaka leo ziko kwa simu za watu hazijafika. Hilo bado ni dogo. Kubwa ni picha moja ya bi harusi usiku wa kupamba, kichwa wazi, nywele zimetengenezwa, kikuba cha asumini kifuani, ukumbini wanawake watupu, alafu ikaonekana kwenye status ya mtu. Aliyeiweka hakukusudia ubaya, alifurahi tu. Aliambiwa akaitoa baada ya masaa mawili matatu, lakini yule binti siku ya pili yake ya ndoa alishinda analia na mamake mpaka leo hasemi na yule mgeni. Status hujifuta yenyewe baada ya masaa 24, ila aliyeona kaona.

Jina Kidaka nimelitoa kwenye kuta za nyumba zetu za mawe. Zidaka ni zile nafasi zilizochongwa ukutani mule ndani, watu walikuwa wakipanga sahani za kichina na vitu vyao vya thamani. Ziko ndani, haziko barazani. Kila shughuli itapata kidaka chake.

27 Januari: karatasi kabla ya simu

Sikufungua Figma kwanza, ile programu ya kuchorea skrini. Nilikata manila saizi ya simu, nikachora skrini saba kwa kalamu, nikazunguka nazo kwa watu watano: bibi yangu, jirani yetu wa makamo, wasichana wawili wa sekondari, na nahodha mmoja wa boti ya abiria. Watano nimeifuata kwa Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya makosa ya dizaini, na mimi kwangu ilikuwa hivo hivo, mtu wa tatu tu alishanionyesha kosa ambalo peke yangu nisingeliona hata ningekaa mwaka.

Kosa lilikuwa maneno mawili, "Pakia" na "Pakua". Ndio maneno yaliyo kwenye menyu za simu za Kiswahili nikayachukua vile vile bila kufikiri, kimoja juu kimoja chini. Jirani yetu akaishika ile karatasi, kidole kikabaki hewani baina ya vitufe viwili, akasoma kwa sauti polepole, pakia, pakua, alafu akanitazama: "Mwanangu, lipi la kutoa na lipi la kutwaa? Mimi kupakua najua ni wali." Na kweli, kwake kupakua ni kutoa chakula sufuriani kutia sinia. Nahodha hakupata tabu hata kidogo kwa sababu yeye kutwa anapakia mizigo Mokowe, gati ya upande wa bara, na kuipakua huku, kwake maneno yote mawili yanaeleweka kabisa. Kwa hivo si kwamba neno ni baya, ni kwamba maneno mawili yaliyotofautiana herufi moja, na maana zake zimepingana, hayafai kukaa skrini moja.

Nikabadilisha ikawa "Peleka picha" na "Chukua picha". Hapo wale wasichana wakakosea, walipoona "Chukua picha" wakajua ni kupiga, siku hizi watu wengi wanasema hivo. Mara ya tatu ndo tukapata: Weka picha zako na Hifadhi kwa simu yangu. Ni marefu, yamenilazimu kupunguza ukubwa wa ikoni, lakini wote wanne waliofika kwenye vitufe walibonyeza sawa mara ya kwanza.

Bibi yeye hata hakufika kwenye vitufe. Aliangalia skrini ya kwanza akauliza, "Hizi zitaonekana ni nani?" Nikamwonyesha, mpangilio wa nani aone nilikuwa nimeuweka skrini ya sita, ndani ya "Mipangilio". Akasema, "Yangu hata moya isitoke nde," akanirudishia karatasi yangu.

Nimeifikiria ile jioni nzima. Nilikuwa nimechora apu ya kukusanya picha, na swali la nani aone nikalifanya la nyongeza, wakati hapa kwetu hilo ndo swali la kwanza, na ndo lililomliza yule binti Desemba. Sasa skrini ya kwanza kabisa ya kufungua kidaka inauliza: picha za ndani au za nje? Hakuna kilichochaguliwa tayari, lazima uchague mwenyewe. Ndani ni wanawake walioalikwa tu, na kila picha inapita kwa mtu mmoja kwanza. Nje ni kirumbizi (mchezo wa fimbo), zefe (maandamano), matwari, chakula, bwana harusi na wenzake, yaani vitu ambavyo vingefanyika barabarani hata bila simu. Shughuli moja inaweza kuwa na vidaka vyote viwili, na havionani.

Gharama mpaka hapa: manila na kalamu, nilikuwa nazo.

20 Februari: harusi ya kwanza, huku mtaa wa Mkomani

Tuliharakisha tuwahi kabla ya Ramadhani. Tulifanya tovuti tu, sio apu ya kuinstoli, kwa sababu nusu ya simu nilizoshika hazina nafasi, mtu akitaka kuweka apu mpya lazima afute kitu. Mgeni anaskani QR kwenye kadi, ukurasa unafunguka, basi. Kadi 60 kwa shilingi 25 moja, 1,500. Domeni 1,300 kwa mwaka. Seva kama 780 kwa mwezi.

Yaliyoharibika:

La kwanza network. Nyumba ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na shughuli iko chumba cha ndani kabisa. Simu zinashika vizuri juu ya dari na pale kiwandani, yaani ua wa katikati ya nyumba, chini ya uwazi, ukiingia ndani hakuna kitu. Sisi tulitesti kwangu karibu na dirisha. Kwa hivo mtu anabonyeza "Weka picha zako", kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, hakisemi chochote, mtu anadhani hajabonyeza, anabonyeza tena. Asubuhi tulikuwa na picha 412 na katika hizo 97 ni marudio. Na hizo ni zilizofika, zilizokatika njiani sijui idadi yake kwa sababu hatukuweka kitu cha kuhesabu, hilo pia kosa, ukitengeneza weka hesabu ya zilizoshindwa tangu siku ya kwanza.

La pili ndo linaniuma zaidi. Nilipanga bi harusi mwenyewe ndo apitishe picha za ndani, kwa sababu sura ni yake na heshima ni yake. Kwenye karatasi ilionekana haki kabisa. Usiku wa hina nikaingia chumbani nikamkuta kakaa, mikono yote miwili imeinuliwa kidogo mbele yake mpaka kiwiko, hina mbichi na piku (rangi nyeusi), miguu hivo hivo, simu yake iko juu ya mto inawaka "picha 31 zinasubiri". Akaniangalia tu. Hawezi kuigusa mpaka ikauke na ibanduke. Na wageni huku nje wanauliza mbona picha zetu hazionekani.

Rekebisho: mwenye kidaka anateua mlinzi, mmoja au wawili, na tunamwambia wazi asiwe bi harusi. Hapa watu wamechagua wenyewe nani, mara nyingi ni somo yake, yule anayemfunda, au shangazi, yule yule ambaye angesimama mlangoni kuangalia nani anaingia. Bi harusi anabaki na kitufe kimoja, "Iondoe", ambacho kinamshinda kila mtu na hakiulizi sababu, atakitumia siku yoyote mikono ikiwa huru.

La tatu iPhone. Wageni waliotoka nje ya nchi picha zao zilitokea kama miraba mitupu kwa Android za zamani. iPhone tangu 2017 zinahifadhi picha kwa aina ya faili inayoitwa HEIC, sio JPEG ya kawaida. Mdogo wangu kaweka seva igeuze zote ziwe JPEG. Na wakati anageuza anafuta pia zile taarifa zinazofichwa ndani ya picha zinazosema ilipigwa wapi, manake simu nyingi huandika mpaka nyumba yenyewe ilipo.

Machi: Ramadhani

Hakuna shughuli, tumefanya kazi baada ya tarawehe mpaka daku. Foleni ya kutuma ndo kazi kubwa: sasa ukibonyeza, picha inahifadhiwa kwenye simu kwanza, inaandika "Imepokelewa, itaenda network ikirudi", na ukitoka ndani ukafika kiwandani inajipeleka yenyewe bila kuulizwa. Ikikatika katikati inaendelea ilipofika haianzi upya. Picha ya simu ya megapikseli 12 ni kama MB 3 mpaka 5, hiyo ni bando la mtu, kwa hivo tunaipunguza kwenye simu iwe pikseli 1600 upande mrefu, inakuwa kama KB 350 na kwa macho ya kwenye simu huoni tofauti. Anayetaka kupeleka kubwa asubiri Wi-Fi, kuna kitufe.

Nimenunua simu ya kutestia, Android ya zamani imeshatumika, 6,500. Kila skrini naichukua nje saa sita mchana jua likiwa utosini. Kijivu changu kizuri nilichokipenda hakisomeki kabisa, nimeacha. Herufi zote sasa zinapita ile 4.5 kwa 1 ya WCAG, mwongozo wa kurasa kusomeka na kila mtu, yaani tofauti ya herufi na rangi ya nyuma yake, na vitufe vyote vina angalau dp 48, kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini, vidole vyenye hina iliyokauka pia vinabonyeza.

27 Aprili: harusi ya pili, na saa zetu

Hii nataka ikae vizuri kwa yeyote anayetengeneza kitu cha shughuli huku pwani.

Mamake bi harusi alijaza fomu mwenyewe. Shughuli: usiku wa Ijumaa, saa tatu. Akachagua tarehe ya Ijumaa, 25 Aprili, akachagua 3:00. Mimi nimesimama mlangoni Alhamisi tarehe 24 baada ya isha, wageni wanaingia, kadi wanaskani, na simu zote zinaandika "Kidaka hiki bado hakijafunguliwa". Watu kama kumi na tano wamesimama nyuma ya pazia na simu zao. Nikampigia mdogo wangu akafungua kutoka Mombasa kwa mkono, ikachukua karibu nusu saa, na wengi hawakujaribu tena.

Mama hakukosea. Usiku wa Ijumaa ni usiku wa kuamkia Ijumaa, siku inaanza magharibi, hivo ndivyo anavyosema yeye na mamake na kila mtu mzima mtaani. Na saa tatu usiku ni saa tatu usiku, kile kisanduku cha simu ndo kinachohesabu kuanzia katikati ya usiku, kwa simu 3:00 ni saa tisa ya alfajiri. Kwa hivo fomu yangu ilimkosea mara mbili katika mstari mmoja na haikumwambia.

Tulijaribu kwanza kuweka maelezo chini ya kisanduku, mistari miwili. Hakuna aliyesoma, nilitesti na watu wanne. Alafu tukaweka saa za Kiswahili tu, hapo wageni wanaotoka bara na nje wakachanganyikiwa. Kilichofanya kazi ni hiki: unachagua kwanza *asubuhi, mchana, jioni, usiku*, kisha saa kwa Kiswahili, na kabla ya kuhifadhi apu inakusomea sentensi nzima kwa herufi kubwa: "Alhamisi 24 Aprili kuamkia Ijumaa, saa 3 usiku. Ni sawa?" Ukiona siyo unabadilisha. Na tumeondoa kabisa saa kufungua kidaka, sasa mlinzi anakifungua kwa kidole akiona watu wamefika, manake harusi gani huku inaanza kwa saa iliyoandikwa kwenye kadi.

4 Mei: kosa la arifa

Nimekaa wiki nzima kabla ya kuandika hii.

Kwenye harusi hiyo hiyo tulikuwa tumewasha arifa, picha mpya ikipitishwa walioalikwa wanapata ujumbe kwenye simu, na mimi nilidizaini ujumbe uje na kapicha kadogo pembeni kwa sababu unapendeza na mtu anafungua haraka. Jumamosi asubuhi shangazi mmoja wa bi harusi alimpa mwanawe simu aipeleke dukani ikachajiwe, kwao stima ilikuwa imekwenda. Simu ikawekwa juu ya kaunta uso juu. Walinzi walikuwa wanamalizia picha za usiku ule, zinapitishwa moja moja, na kila moja ikipitishwa skrini inawaka. Imefungwa kwa nambari ya siri, lakini arifa inatokea juu ya skrini iliyofungwa. Dada yake bi harusi, kichwa wazi, mikono wazi, anacheza. Vijana watatu wamesimama pale wanasubiri.

Shangazi alikuja nyumbani kwetu mwenyewe. Hakupiga kelele, alikaa, akavua buibui, akaniomba maji, akaniambia kilichotokea taratibu kama anasoma barua. Alafu akasema, "Mwanangu, mlisema ndani." Sikuwa na la kujibu. Mlinzi alifanya kazi yake, wageni walifanya kazi yao, hakuna mtu aliyevujisha kitu, mimi ndiye niliyeitoa picha nje kwa mkono wangu kwa sababu ya kupendeza.

Arifa tulizizima saa ile ile. Mimi na mamangu tukaenda kwao jioni, nikamwomba msamaha yule dada na mamake, nikawaambia kidaka kizima naweza kukifuta kama wanataka. Walitaka zibaki, ila zile alizomo yeye zitoke. Zilikuwa 22, nikazitoa mbele yake, akahakikisha mwenyewe.

Kisha tukakaa na mdogo wangu tukaorodhesha kila mahali ambapo picha ya ndani inaweza kutokea bila mtu kukusudia, na ni pengi kuliko tulivyodhani. Arifa. Kile kijisura cha apu ukibadilisha kutoka apu moja kwenda nyengine. Galari ya simu, ambapo watoto huangalia katuni na picha za kila mtu. Bekapu ya galari, na nyumba nyingi hapa akaunti moja ya Google inatumika na mume na watoto wakubwa, kwa hivo ukihifadhi picha ya mwenzio huku, inafika kwa mumeo kule. Ukituma linki, WhatsApp yenyewe inachora kapicha ka kilichomo. Tumeanza kuzifunga moja moja. Arifa za ndani sasa zinasema tu "Kuna picha mpya", bila jina la bi harusi, bila kapicha. Linki inaonyesha nembo yetu tu.

13 Julai: ndani imehamia kwenye apu

Baada ya Mei ilikuwa wazi tovuti haiwezi kubeba ndani, ukurasa wa tovuti hauna namna ya kuzuia skrinshoti. Apu ya Android inaweza, kuna kitu kinaitwa FLAG_SECURE, ukiiwasha skrinshoti inakataa na kile kijisura kinakuwa cheusi. Picha zinakaa kwenye hifadhi ya apu yenyewe, haziingii galari. Kwa hivo nje inabaki tovuti, haraka, hakuna kuinstoli, ndani ni apu. Niliogopa watu watalalamika nafasi, tukaibana mpaka chini ya MB 12, na ajabu ni kwamba wanawake niliowaeleza sababu walifuta vitu vyengine wenyewe wakaiweka.

iPhone ni shida bado. Kule apu inaweza kujua skrinshoti imepigwa lakini baada ya kupigwa. Kwa sasa kwenye iPhone picha za ndani zinaonekana na jina la anayetazama limepita juu yake kwa weupe hafifu. Hata kwenye Android mtu anaweza kupiga picha simu kwa simu nyengine, hilo hatuwezi kulizuia na tunawaambia hivo hivo waziwazi kwenye skrini ya kwanza, kwa lugha ya kawaida, kabla hawajaweka hata picha moja.

Kufungua akaunti ya Play Store: dola 25 mara moja, kwetu ilikuwa 3,250. Akaunti mpya ya mtu binafsi lazima ipate watu 12 waitesti siku 14 mfululizo kabla apu haijaruhusiwa kutoka kwa watu wote, zamani walikuwa 20. Kupata wanawake 12 wa kukubali ilikuwa rahisi, kupata 12 wanaokumbuka Gmail zao ilichukua wiki. Siku ya tisa mmoja alibadilisha simu akajitoa, tukabaki 11, tukaanza kuhesabu upya. Anza na 15 au 16.

Sheria nayo nimeisoma, ile ya kulinda data ya Kenya ya 2019. Picha ya mtu anayetambulika ni data yake, na mtoto lazima mzazi akubali. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza faini klabu moja ya Nairobi kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini, na shule moja kwa picha za watoto, ya shule ilikuwa zaidi ya milioni nne. Nimewasomea mistari hii mama wawili wa harusi, wakaniambia kumbe serikali nayo inasema kama sisi.

28 Septemba: Maulidi, kidaka cha nje

Tulitaka kujua upande wa nje utahimili watu wengi, na hakuna wingi kama Maulidi ya Mfungo Sita, mji unajaa wageni kutoka pwani yote na visiwani. Mabango manne ya QR, 2,400: mawili karibu na Mkunguni mbele ya ngome, moja ufukweni kwenye mashindano ya punda, moja njia ya kwenda msikiti wa Riyadha.

Niliyalamineti yasiharibike. Jua likapiga, plastiki ikang'aa, kamera haioni kitu ila mwanga. Mchana wa kwanza wote tumepata picha 19. Usiku nikachapisha mengine kwa karatasi isiyong'aa, 900, nikayaweka kivulini chini ya mabaraza, siku ya pili zikawa 300 na kitu.

QR pia si kila simu inaskani. Tulikuwa na nambari ya kuandika kwa mkono, herufi sita za kubahatisha, na watu wanachanganya O na sifuri, I na moja. Mdogo wangu akabadilisha usiku ule ule: kila kidaka kinapata neno la Kiswahili, cha Maulidi kikawa NGALAWA. Mzee mmoja alimpigia kelele mwenzake upande wa pili wa barabara, "Andika ngalawa!" akaandika, akaingia. Hilo halitoki tena kwenye dizaini.

Kosa jengine ni mpangilio. Tulipanga picha kwa saa iliyoandikwa ndani ya picha yenyewe, na kuna mtu kamera yake tarehe haijawekwa tangu ainunue, picha zake 40 nzuri za zefe zikaenda kukaa mwisho kabisa kama za 2018. Sasa saa ya picha inaaminiwa ikiwa tu iko ndani ya siku za shughuli, la sivyo tunachukua saa iliyofika.

Watoto wengi walitokea kwenye picha za punda. Picha yenye uso wa mtoto kwa karibu sasa inasubiri mlinzi hata kwenye kidaka cha nje. Inachelewesha, wapigaji wawili walinilalamikia, nimeiacha hivo.

19 Oktoba: fungate na printa

Harusi ya tatu ya ndani ilikuwa tarehe 10, Langoni, na hakuna picha iliyotoka nje. Foleni ilifanya kazi, walinzi wawili walipokezana, picha 268, zilizokataliwa 14.

Vidaka vya ndani tumevipa umri. Vinajifunga siku ya saba baada ya harusi, fungate ikiisha, alafu picha zinafutwa kwenye seva na kwenye simu za wageni, anabaki nazo mwenye shughuli peke yake. Wote niliowauliza kabla walipenda. Lakini siku ya nane nyanyake bi harusi akatuma mtu aniite. Ameona picha kwa simu ya mjukuu, leo anaambiwa hazipo, na yeye simu yake ni ya vibonyezo. Anataka moja tu, ya bi harusi akiwa naye, ishikike mkononi.

Tatizo ni kwamba kuchapisha ni kuipeleka studio, na studio niijuayo anakaa mwanamume kwenye kompyuta. Kazi yote hii ya milango na walinzi alafu picha inaishia kwenye skrini ya dukani. Kwa hivo nimenunua printa ndogo ya picha, 17,000, inachapa saizi ya postikadi moja kwa moja kutoka simu bila kompyuta, na pakiti ya karatasi 54 na wino wake 2,700, yaani shilingi 50 picha moja. Nimeagiza Nairobi, imefika kwa basi mpaka Mokowe. Mwenye kidaka sasa ana kitufe cha tatu, "Nichapishie", na anayechapa ni mimi au mamangu, kwenye nyumba ya mwenye picha, na yeye amekaa hapo.

Ya nyanya ilitoka ya kwanza. Inapita mara nne kwenye mashine, rangi tatu moja moja na mwisho tabaka la kuikinga, na yeye alikaa ameinama anaiangalia inavyoingia na kutoka, manjano kwanza, alafu sura ya mjukuu wake ikaanza kuonekana.

Jumla tangu Januari: kadi 1,500, domeni 1,300, seva miezi tisa 7,020, simu 6,500, Play Store 3,250, bando 4,200, mabango 3,300, printa na karatasi 19,700. Ni 46,770. Kilichobaki ni iPhone, na mdogo wangu anakuja Novemba tukae nayo pamoja.